Zege kwenye jua kali: maji yaanze lini?

Saiti nyingi ubishi huu unaanza mara tu koleo la mwisho likishawekwa chini. Slabu imemwagwa asubuhi, imesawazishwa, jua limeshapanda, na mwenye nyumba anauliza jamani maji tunaanza kumwaga saa ngapi? Fundi mmoja anasema kesho asubuhi, masaa 24 yakitimia, ndo sheria. Mwingine anasema ukiligusa na maji leo umeliharibu, litabaki unga. Yupo anayesema mwaga sasa hivi, jua hili halina huruma, na yupo anayesema simenti za siku hizi zina nguvu hazihitaji hayo mambo. Wote wanaongea kwa uhakika na wote wana miaka kazini, sasa mtu aliyejinyima kununua hiyo simenti amsikilize nani?

Jibu langu nalitoa mapema ili usome ukijua naelekea wapi. Kwenye jua kali usiangalie saa, angalia uso wa zege, na mara nyingi uso huo utakuwa tayari kupokea maji leoleo, ndani ya masaa machache. Kungoja kesho kwenye siku ya joto na upepo ni kuliacha zege peke yake kwenye yale masaa linayohitaji msaada kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake. Lakini jibu bila sababu halimsaidii mtu, akikutana na fundi mbishi atarudi kulekule, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza tuelewane maneno. Zege ni simenti, mchanga, kokoto na maji. Kushika ni pale linapoacha kuwa uji, yaani huwezi tena kulisogeza kwa mwiko. Kukomaa ni kazi ya siku nyingi baada ya hapo, nguvu inaongezeka taratibu ndani kwa ndani huku nje huoni kitu. Na kumwagilia, wenyewe mainjinia wanaita kyuringi, ni kulitunza zege libaki na unyevu na joto la kadiri wakati linakomaa. Ndoo na mpira wa maji ni njia mojawapo tu ya kumwagilia, kufunika nako ni kumwagilia, kuacha mbao za fomu, zile zinazoshikilia zege likiwa laini, zisibanduliwe mapema nako ni kumwagilia. Hilo lishike, litatusaidia mbele.

Sasa kosa ambalo naamini ndo mama wa makosa yote: watu wanasema zege "limekauka" wakimaanisha limekuwa gumu. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Chukua tope, lifinyange tofali, lianike juani, litakuwa gumu, hilo kweli limekauka. Litumbukize kwenye maji baada ya wiki, linarudi tope. Chukua sasa kipande cha zege kilichokomaa ukitumbukize kwenye pipa la maji mwaka mzima, ukikitoa ni kigumu kama ulivyokiweka au zaidi. Nguzo za madaraja zinamwagwa chini ya maji kabisa, zege linashushwa kwa bomba mpaka chini na linashika hukohuko bila kuliona jua. Kama ugumu ungekuwa unatokana na kukauka, hizo nguzo zingebaki uji mpaka leo.

Kinachotokea ni kwamba simenti na maji vinakamatana vinazaa kitu kipya, vijifuwele vidogovidogo sana visivyoonekana kwa macho vinavyoota kutoka kwenye kila chembe ya simenti na kuingiliana kama mizizi ya majani kwenye udongo. Hiyo mizizi ndo inashika mchanga na kokoto. Ni kitendo cha kikemia na kinatoa joto, ndo maana ukiweka kiganja juu ya slabu nene jioni yake unasikia uvuguvugu. Na mizizi hiyo inaota mahali penye maji tu. Maji yakiisha inasimama. Haifi moja kwa moja, inasimama hapo ilipofika, na nguvu yako inabaki hapohapo.

Je maji uliyochanganyia hayatoshi? Swali zuri sana na hapa watu wengi wanashangaa, yanatosha. Mfuko wa kilo 50 ukichanganywa na lita 25, simenti inachukua kama robo ya uzito wake kwa ajili ya kile kitendo cha kikemia, yaani lita 12 na ushee, na kuna mengine yanakamatwa kwenye vitundu vidogo vya hiyo mizizi, jumla zinafika lita 20 na kitu hivi. Kwa hiyo ndani ya mchanganyiko wa kawaida maji yapo. Tatizo ni kuyapoteza kabla simenti haijayatumia. Ukilielewa hili utaelewa kwamba kazi kubwa ya yale maji unayomwaga juu ni kuyafungia njia yaliyo ndani yasitoke. Ni mlinzi wa mlangoni. Sasa mlinzi anayeripoti kazini kesho wakati mwizi ameingia leo mchana anasaidia nini?

Na huyo mwizi watu wanamjua nusu tu. Wanasema jua, jua, lakini upepo ndo unanitisha mimi. Fikiria nguo kwenye kamba, siku ya jua bila upepo inachukua mda, siku ya upepo hata kama kuna mawingu unaikuta imekauka mapema. Zege hivohivo. Yanayoamua maji yatapotea kwa kasi gani ni manne: joto la hewa, joto la zege lenyewe, unyevunyevu wa hewa, na upepo. Tuseme hewa ina nyuzi 32, zege nalo nyuzi 32, unyevunyevu ni asilimia 50. Ukipiga hesabu kwa fomula wanayotumia mainjinia, kama hewa imetulia kabisa mita moja ya mraba inapoteza chini ya robo lita kwa saa. Leta upepo wa kilomita 25 kwa saa, ule unaoinua vumbi na karatasi, mengine yote usiyaguse, inapanda mpaka lita moja na robo hivi. Ni mara saba, na jua halijaongezeka hata kidogo.

Lita moja na robo inaonekana ndogo mpaka uitazame vizuri. Slabu ya unene wa sentimita 10 ina maji kama lita 18 kwenye kila mita ya mraba, ila upepo hauvuti kutoka slabu nzima kwa pamoja, unaanza juu. Ile sentimita moja ya juu kabisa ina kama lita mbili kasoro. Kwa hiyo ndani ya saa moja na nusu upepo umeshachukua maji yote yaliyo sawa na tabaka lile, tabaka ambalo litakanyagwa, litapigwa na mvua, na ndo ngozi ya nondo zako. Mainjinia wanachukua lita moja kwa mita ya mraba kwa saa kama mstari wa hatari, ukifika hapo hatua za kinga ni lazima, na zege ambalo halitoi maji mengi juu linaweza kupasuka hata kabla ya kufika hapo.

Kutoa maji juu ndo nini? Ukishamwaga na kushindilia, vitu vizito yaani kokoto na mchanga vinazama kidogo, maji yanasukumwa yanapanda. Utaona uso unang'aa kama kioo, zege linatoka jasho. Jasho hilo ni la kawaida na kwa siku ya joto ni rafiki, maana ndo maji ya kwanza kuibiwa. Shida inaanza pale upepo unapoyachukua haraka kuliko yanavyopanda. Mng'ao unapotea, uso unakuwa mkavu wakati chini bado ni laini, ngozi ya juu inataka kujikunja na tumbo la chini halijakaza kuishikilia. Inachanika.

Niliwahi kuwa juu ya slabu moja siku ya namna hiyo. Tulianza saa mbili asubuhi hewa imetulia, kufika saa tano upepo ukaamka. Upande unaopokea upepo ulipoteza mng'ao kwanza, ukawa na rangi ya majivu wakati upande wa pili bado unang'aa, ukisimama katikati unaona mpaka kabisa kati ya sehemu mbili kama mtu amechora. Fundi aliyekuwa anasawazisha akaanza kusema mwiko unakokota. Magunia ya kufunikia yalikuwa chini, makavu, yamefungwa. Mda wa kuyafungua kamba, kuyalowesha na kuyapandisha haukuzidi dakika 40, na tuliporudi nikaona kitu kama uzi mweusi juu ya uso, nikadhani ni uzi kweli umetoka kwenye gunia, nikainama niuondoe. Ulikuwa ufa. Pembeni yake kama hatua moja kulikuwa na mwingine umelala sambamba nao, na mwingine tena. Nyufa za namna hii ndo tabia yake, zinatokea masaa machache tu baada ya kumwaga, mara nyingi zinalala sambamba au zinafanya kama ramani, na hazina uhusiano wowote na mzigo kwa sababu slabu yenyewe bado haijabeba kitu. Mtu akija kesho yake saa tatu na mpira wa maji anazikuta zimekaa zamani anaanza kulaumu simenti feki.

Kwa hiyo lini? Usitafute saa maalumu kwenye siku, ni hali tatu zinazofuatana na kila moja ina aina yake ya maji.

Hali ya kwanza zege ni laini, unamwaga na kusawazisha. Hapa usimwage maji juu, kabisa, lakini ulinzi unaanza hapahapa. Unaweka kizuizi cha upepo, turubai la kivuli kama inawezekana, na kama unayo pampu ya kunyunyizia yenye kichwa cha ukungu unapuliza ukungu HEWANI juu ya slabu, sio kuelekeza kwenye zege. Lengo ni hewa ya juu ya slabu iwe na unyevu ili isiwe na kiu. Ukiona matone yanakusanyika kuwa vidimbwi umezidisha. Huna pampu? Funika sehemu uliyomaliza kwa plastiki wakati unaendelea na nyingine, unaifunua pale fundi anaporudi kumalizia, unaifunika tena. Inachosha, najua, lakini slabu ile niliyosimulia ingepona kwa hilo tu.

Hali ya pili kazi ya mwiko imeisha, zege limeanza kushika ila ukibonyeza kwa kidole bado linaacha alama. Hapa ndo watu wengi wanapoliacha na kwenda kupumzika, na hapa ndo pabaya kuliko pote. Ukimwaga maji ya ndoo utachimba uso, usipofanya kitu linachanika. Endelea na ukungu mwembamba kuliko ule wa mwanzo, au tandika plastiki juu taratibu. Plastiki itaacha alama kidogo, madoa ya rangi, sasa chagua kati ya madoa na nyufa. Kwa jua kali tafuta nyeupe, ile nyeusi inavuta joto na kulipikia zege lako.

Hali ya tatu ndo ile watu wanauliza, maji yenyewe. Yanaanza pale uso umekaza kiasi kwamba maji hayauoshi. Namna ya kujua ni rahisi na haihitaji kifaa: bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu ya kawaida, kama hakuna alama inayobaki, chukua kikombe cha maji umimine taratibu sehemu moja pembeni. Angalia maji yanapotiririka. Yakibeba rangi ya kijivu kama maziwa na ukaona chembe za mchanga zimejitokeza, bado, simenti inaoshwa, subiri nusu saa urudie. Yakipita safi, anza. Usingoje mtu, usingoje kesho, anza.

Kwa siku ya joto hali hii inafika mapema kuliko watu wanavyodhani kwa sababu joto linakimbiza kitendo cha kikemia. Zege ambalo siku ya baridi lingekaa mpaka usiku ndo likaze, kwenye jua linaweza kukaza ndani ya masaa matatu au manne, wakati mwingine pungufu, inategemea simenti, kiasi cha maji na kama kuna dawa ya kuchelewesha. Ndo maana sipendi kumpa mtu namba ya masaa. Na hapa ndipo sheria ya masaa 24 inapoanguka: inaweza kuwa na maana mahali pa baridi ambapo zege linachelewa kukaza, juani haina sababu. Anayesema "mwaga sasa hivi" akiwa amesimama juu ya zege laini naye anakosea, ataosha simenti ya juu na uso utakuwa unatoa vumbi miaka yote. Wote wawili wameshika kipande cha ukweli.

Kuna jambo moja kuhusu maji yenyewe. Slabu iliyokaa juani inaweza kuwa ya moto kiasi huwezi kuikanyaga peku. Ukiileta ghafla maji baridi ya kisimani ngozi inasinyaa wakati ndani bado kumetanuka, inapasuka, ni kama kumimina maji baridi kwenye glasi yenye moto. Mwongozo wa mainjinia ni kwamba maji yasiwe baridi kuliko zege kwa zaidi ya nyuzi 11 hivi. Kwa vitendo, acha maji yakae kwenye mapipa pale saiti yapate joto la hewa. Upande wa pili, mpira uliolala juani maji yake ya kwanza yanatoka yakichemka, yaachie yamwagike pembeni kwanza. Ndo maana pia kuanza mapema kunasaidia, slabu ambayo haijawahi kuachwa ikaungua haina joto la kushtuliwa.

Maji yawe yale safi, ya chumvi ya bahari hapana, chumvi inakula nondo.

Sasa ule utaratibu wa asubuhi na jioni. Mtu anamwagilia saa kumi na mbili asubuhi, anaondoka kazini kwake, anarudi kumwagilia saa kumi na mbili jioni, na anaamini amefanya kazi. Nenda saa nne ukaangalie hiyo slabu, nyeupe pee. Imelowa, imekauka, imelowa, imekauka, kila ikilowa inatanuka kidogo kila ikikauka inasinyaa, na ngozi changa haiwezi mchezo huo, inaota vinyufa vidogo kama gamba. Kwenye jua kali kinachotakiwa ni unyevu usiokatika, kiasi cha maji hakina umuhimu mkubwa kama mfululizo wake. Ndoo 20 mara mbili kwa siku zinazidiwa na ndoo tano kwenye slabu iliyofunikwa.

Kwa hiyo funika. Magunia ya katani ni mazuri sana, yaloweshe kabla ya kutandika kwa sababu gunia kavu linanyonya maji kutoka kwenye zege, yapishane pembeni, na juu yake weka plastiki kushikilia unyevu, kingo uzikandamize na mbao au mawe upepo usiingie chini. Kwa slabu tambarare unaweza kujenga matuta madogo ya udongo kuzunguka na kuweka maji ya kina cha sentimita chache, kama vijaruba, hiyo kwa mtazamo wangu ndo bora kuliko zote ila kagua mara kwa mara kama tuta halijabomoka. Mchanga uliolowa nao unafanya kazi. Kama maji ni shida kubwa kuna dawa za kupulizia zinazotengeneza utando juu, zinapulizwa mng'ao ukishapotea ila uso bado una unyevu, na kwa jua chagua yenye rangi nyeupe irudishe mwanga. Ila kama utaweka vigae au rangi juu yake uliza kwanza, utando unaweza kukataa kushikana navyo.

Nguzo zinasahaulika mno na inaniumiza kwa sababu nguzo ndo inabeba kila kitu. Slabu unaiona, unaikanyaga, unaikumbuka. Nguzo imesimama, maji ukiimwagia yanateremka dakika mbili iko kavu, upepo unaipiga pande nne. Kama huna haraka na mbao ziache siku kadhaa, zilegeze kidogo umimine maji yapite katikati. Ukizibandua, siku hiyohiyo izungushie magunia yaliyolowa uyafunge kwa kamba, kisha plastiki, na unamimina maji kutokea juu. Nguzo iliyobanduliwa asubuhi ikaachwa uchi mpaka jioni kwenye jua imepoteza sawa na slabu, tofauti ni kwamba haikuonyeshi.

Hapo watu huwa wanauliza, mbona zege langu halikumwagiliwa na limekuwa gumu tu, nyumba imesimama? Ni kweli litakuwa gumu. Hata zege lenye nusu ya nguvu huwezi kulivunja kwa kisigino. Tena kwenye joto litakudanganya zaidi, kwa sababu zege la joto linapata nguvu haraka siku za mwanzo kuliko la baridi, fundi anagonga kwa nyundo siku ya tatu linalia ngaa, anafurahi. Ila ile mizizi iliyoota kwa pupa inakuwa imerundikana karibu na chembe za simenti na kuacha matundu, kwa hiyo kufika siku 28, ambayo ndo siku ya kawaida ya kupima nguvu, mara nyingi linakuwa nyuma ya zege lililokomaa taratibu. Ukiongezea na kulinyima maji kabisa tangu mwanzo, linaweza kuishia karibu na nusu ya nguvu ambayo zege lilelile lingefika kama lingetunzwa na unyevu mfululizo. Umenunua mifuko yote ile, umepata kazi ya nusu yake. Na hata kama nguvu iliyobaki inatosha kubeba, ngozi yenye matundu inapitisha maji na hewa mpaka kwenye nondo, miaka inapita, kutu inavimba, zege linamomonyoka kutoka chini ya slabu vipandevipande.

Kuna janja nyingine mbili za saitini niziseme upesi. Kuongeza maji kwenye mchanganyiko ili "lisikauke haraka", hapana, maji ya ziada yanaacha matundu na nguvu inashuka, lile joto lishughulikie kwa kumwaga alfajiri au jioni, kuweka kokoto kivulini na kulowesha ardhi na mbao kabla. Na kunyunyizia maji juu ya uso ili mwiko uteleze, au kutupia simenti kavu kunyonya jasho, zote mbili zinatengeneza ngozi dhaifu itakayobanduka.

Mda wa kuendelea sasa. Siku saba ndo namba maarufu kwa simenti ya kawaida, lakini angalia: kanuni ya India ya zege, IS 456 ya mwaka 2000, inasema siku saba kwa simenti ya kawaida, halafu kwenye hali ya joto na ukavu inapandisha ziwe zisizopungua 10. Kwa simenti zilizochanganywa na pozolana (kama unga wa mawe ya volkano) au majivu ni siku 10 kwa hali ya kawaida na 14 kwa joto. Soma maandishi ya mfuko wako, kwa sababu simenti nyingi za madukani siku hizi ni za mchanganyiko, zinakomaa polepole na zina kiu ya mda mrefu. Yule aliyesema simenti za siku hizi hazihitaji maji amegeuza mambo kinyume kabisa. Na kama utaishiwa nguvu au maji, siku za mwanzo ndo usikubali unyevu ukatike.

Je kama umeshachelewa, umemwaga jana na ndo unasoma hii leo? Anza sasa hivi, lowesha magunia ukafunike. Ile mizizi ilikuwa imesimama, sehemu yake itaendelea kuota ikipata maji tena, hutarudishiwa yote ila utapata kitu. Kama slabu ni ya leo na nyufa zimetokea wakati bado kidole kinazama, zinaweza kufungwa kwa kurudia kupiga uso kwa ubao kwa nguvu zishikane mpaka ndani, kupaka tu juu kwa mwiko kunazificha na zitarudi. Zege likishakaza maji hayafungi nyufa, hapo acha zege likomae kwanza huku umelifunika, halafu mwite injinia aangalie zimeenda kina gani na kama zimevuka mpaka upande wa chini. Kabla hajafika fanya jambo moja, weka alama ya penseli mwanzo na mwisho wa kila ufa na uandike tarehe, ili akija aone kama umesimama au bado unatembea.